Mradi wa mbio za milimani: mteremko wa mawe umekubali!

Imekubali jamani. Ule mteremko wa mawe yaliyolegea nilioulalamikia mpaka mmechoka kusoma, nimeushuka wote bila kukaa kitako, bila kushika mwamba kwa mkono, na saa inasema nimekata dakika kadhaa kwenye muda wangu wa zamani. Miguu bado inatetemeka ninavyoandika hivi ila siwezi kusubiri, lazima niandike kabla sijasahau nilichokua nafanya kule juu.

Mnaonifuata mnajua nilikotoka, mi ni mtoto wa uwanjani, mita 5000 na 10000, kwahiyo kupanda hakujawahi kuwa tatizo langu. Napanda vizuri, mapafu yapo, nawapita watu walionizidi miaka kumi wameinama wameshika magoti, najiona mfalme, alafu tunafika juu tunageuza na wote wananipita. Wote! Hata yule niliyemuacha mbali kabisa anapita anaimba. Inauma kuliko kushindwa kihalali.

Na tatizo la huu mchezo ni kwamba huwezi kujificha kwenye kupanda. Mbio za Sierre-Zinal kule Uswisi nazipenda kwa sababu ndo zinafanana na mimi, kilomita 31, unapanda kama mita 2200 na kushuka kama 1100 tu, lakini hata pale angalia, Kilian Jornet, yule bingwa wa mbio za milimani kutoka Hispania, mwaka 2019 alitumia masaa 2, dakika 25 na sekunde 35, akarudi 2024 akatumia masaa 2, dakika 25 na sekunde 34. Sekunde moja! Sekunde moja mimi naipoteza kwenye jiwe moja nikisita. Au chukua Kilimanjaro, mkimbiaji wa milimani Karl Egloff mwaka 2014 alipanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42, kupanda peke yake ilimla saa 4 na dakika 56, sasa toa mwenyewe, maana yake toka mita 5895 mpaka getini alitumia chini ya saa moja na dakika hamsini. Hiyo hesabu nimeibandika ukutani juu ya kitanda.

Kwahiyo tatizo ni breki. Nikiona mteremko mkali mwili unaegemea nyuma wenyewe, kisigino kinatangulia, goti linanyooka, na hapo kila hatua ni kujipiga nyundo. Misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku inavutwa irefuke, ndo maana kesho yake na kesho kutwa unashuka ngazi kinyumenyume. Na kwenye changarawe kisigino ndo kibaya zaidi, kinateleza, unaenda kukaa, mikono inachanika.

Nilijaribu dawa zote zinazosemwa. Mazoezi ya mapaja na uzito, yamesaidia maumivu lakini kasi haikubadilika. Viatu vyenye meno marefu, vizuri kwenye tope, kwenye mwamba mkavu unajiona umevaa viatu vya mpira wa miguu sebuleni. Fimbo nazo, aisee, kwenye kupanda nazikubali asilimia mia ila kwenye kushuka kwa kasi mi nasema zikunjwe ziingie mkobani, moja ilinasa katikati ya mawe mawili mimi nishapita, bega nusu libaki kule na fimbo. Najua kuna watu watanipinga, sawa, pingeni.

Kilichofanya kazi hakikua kifaa. Kuna kaka mmoja huwa tunapanda naye, amekimbia milimani miaka mingi, hasemi sana. Alinifuata nyuma kwenye ule mteremko akaniangalia mpaka chini, alafu akaniambia, "Dogo, unaangalia miguu yako ya nini? Itaibiwa?" Nikamwambia kaka nisipoangalia naanguka. Akasema, "Ukikanyaga jiwe umeshachelewa kuliangalia. Angalia la nne."

La nne! Nilimuona kama ananitania. Lakini nikajaribu, macho yakae mita tatu nne mbele, miguu ijitegemee yenyewe, na hapo ndo vitu vikaanza kupangika. Ukiangalia mbali kichwa kinainuka, kichwa kikiinuka kifua kinakwenda mbele, kifua kikienda mbele uzito unakaa juu ya mguu badala ya nyuma yake, na kisigino kinaacha kupiga breki bila wewe kukiambia. Hatua zikawa fupi na za haraka, tap tap tap tap, hukai kwenye jiwe muda wa kutosha lenyewe kuamua kuteleza. Mikono naitanua kabisa pembeni, naonekana kichekesho, sijali.

Kuna jiwe moja pale katikati, bapa, la kijivu, ukilikanyaga upande wa kushoto linainuka linagonga la chini yake, "kok". Kila mara nilikua nasimama pale. Nalisubiri kabisa, nalitafuta kwa macho, nikifika natua juu yake kwa miguu miwili na linacheza. Safari hii nimesikia "kok" iko nyuma yangu. Yaani nimelikanyaga, limecheza, na mimi nishakua mawe mawili mbele. Nimepiga kelele peke yangu kule mlimani, ndege wakaruka.

Kitu kingine kidogo ila msikidharau, kamba za viatu. Lile tundu la mwisho juu kabisa ambalo wengi hatulitumiagi, unapitisha kamba unaacha kitanzi kila upande, alafu kamba ya kulia inaingia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kulia, unavuta, kisigino kinakaa. Mguu hauserereki kwenda mbele, vidole havigongi, kucha zinabaki. Ninazo mbili nyeusi za kumbukumbu.

Alafu msirudie mteremko mkali kila siku. Mwili una tabia nzuri hapa, ukiushtua mara moja vizuri ukapona, safari inayofuata hata wiki kadhaa baadaye maumivu yanapungua sana. Mi naweka mmoja wa nguvu, alafu naacha mapaja yapone kabisa.

Sasa, saa. Nina ugomvi na saa. Chini ya genge inanipa kilomita za uongo kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta wa mwamba kwanza, unakuta ramani inaonyesha nimekimbia hewani. Umbali wa milimani mi siuamini tena, naangalia mita za kupanda na muda basi. Ila kile kipima mgandamizo wa hewa kilicho ndani ya saa, ndo inachotumia kujua urefu uliopanda, nakiheshimu: ukiwa umesimama sehemu moja unakunywa maji na saa inasema unapanda, ujue mgandamizo wa hewa unashuka, hali ya hewa inageuka, anza kuondoka kwenye kigongo, yaani ule mgongo wa juu wa mlima.

Nalisema hili kwa sababu wadogo zangu wengi wananiuliza mbio zipi za hatari waanze nazo. Dogo tulia. Mbio za Mount Marathon kule Seward, Alaska, ni kama kilomita 5 tu kwenda na kurudi ila unapanda zaidi ya mita 900 na unashuka zote, na vijana wadogo wana mbio zao zinazogeuzia katikati ya mlima. Mi naona wamefanya vizuri sana. Na hatari yenyewe sio kuanguka peke yake. Tarehe 22 Mei 2021, Gansu, China, mbio za kilomita 100, upepo na mvua ya barafu viliwakuta watu juu wakiwa na nguo nyepesi, wakafa wakimbiaji 21 kwa baridi. Na walikuwemo wakali haswa, sio watu waliojaribu bahati. Kila mita 1000 ukipanda joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu, ukijumlisha jasho na upepo umeisha. Koti langu la mvua linakaa mkobani hata jua likiwaka, pamoja na filimbi na lile blanketi la dharura la kung'aa, na anayenicheka acheke.

Kwenye mpango niliandika kwamba mteremko ukikubali tu nahamia kwenye kigongo kile chembamba, chenye shimo pande zote mbili. Naahirisha. Sio woga (sawa, kidogo), ila kuna kitu kimenishika akili, kushuka usiku.

Jana nimejaribu na taa ya kichwani na ni balaa, kila kitu kinakua bapa. Mwanga unatoka karibu na macho kwahiyo vivuli vyote vinajificha nyuma ya mawe, huoni kipi kimeinuka na kipi ni shimo, na ile mbinu ya jiwe la nne inakufa hapohapo. Nikaivua nikaifunga kiunoni kwa mkanda wa mkoba. Mambo yakabadilika! Mwanga ukitokea chini kila jiwe linatupa kivuli kirefu, unaona umbo lake. Shida inacheza juu chini na kila hatua, inaleta kizunguzungu, kwahiyo nawaza mbili, ya kiunoni yenye nguvu na ya kichwani hafifu ya kuangalia mbali. Na betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inazimaliza haraka.

Kesho usiku najaribu mbili pamoja, mteremko uleule, kwa kutembea kwanza. Ikinyesha siendi, mwamba wenye maji bado sijaupatia dawa kabisa, mwenye nayo aniambie.