Mamogramu ya 3D: kabla hujapanda boti kutoka Zanzibar kwenda kupimwa Dar

Mamogramu ni picha ya titi ya kutafuta saratani. Ile ya kawaida hulibana titi na kupiga eksirei mbili kila upande, moja kutoka juu na moja ya mshazari. Ila nyama zote hulaliana kwenye picha moja. Tezi hutoka nyeupe, na uvimbe nao mweupe. Uvimbe mdogo hujificha nyuma ya tezi. Au tezi zilizopishana huonekana kama uvimbe, mtu akaitwa tena bure.

Tomosinthesisi, yaani hiyo 3D, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Titi hubanwa vilevile, lakini bomba la eksirei hupita juu yake kwa upinde likipiga picha nyingi za mionzi midogo. Zipo mashine ambazo upinde wake ni wa nyuzi 15, picha 15, sekunde kama 4. Nyingine huenda nyuzi 50, picha 25, sekunde zipatazo 25. Kompyuta hutoa humo picha za titi kipande kwa kipande, kila kipande unene wa milimita 1, kwa hiyo titi lililobanwa hadi sentimita 5 humpa daktari vipande kama 50. Upinde mpana hutenganisha tabaka vizuri zaidi, lakini sekunde 25 ni nyingi kwa mtu aliyebanwa. Ukitikisika, chembe za chokaa hufifia, na pengine hizo ndizo dalili pekee ya saratani changa. Hivyo mpiga picha anayebana sawasawa usimnunie.

Uliza pia kama watapiga picha ya kawaida juu ya ile ya 3D, maana mionzi hukaribia maradufu. Mashine mpya huitengeneza hiyo ya kawaida kutokana na vipande vyenyewe, bila kupiga tena.

Nenda wiki moja baada ya hedhi kuanza, maumivu yamepungua. Usipake poda, liwa wala dawa ya kwapa: aluminiamu yake hutoka kama chembe za chokaa. Chini ya buibui vaa blauzi na sketi, si gauni, ili uvue ya juu tu.

3D haifuti ultrasaundi. Titi lililojaa tezi, mafuta kidogo, bado huficha uvimbe, na mwenye umri chini ya miaka 30 kwa kawaida huanzia ultrasaundi. Uvimbe unaoshikika kwa mkono usiachwe hata picha ikiwa safi.

Linalosahaulika zaidi ni faili za picha. Filamu iliyochapishwa hubeba vipande vichache tu, na picha ya skrini kwa WhatsApp ni kujisumbua; daktari wako wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdalla Mzee, Mkoani, Pemba, anahitaji kuvipitisha vyote kimoja kimoja. Vipande hivyo hula mamia ya megabaiti, pengine zaidi ya gigabaiti, na CD ina megabaiti 700 tu. Beba flashi, omba faili zote za DICOM (muundo wa picha za hospitali), na uende na picha zako za zamani zilinganishwe. Kabla hujaondoka, waifungue flashi kwenye kompyuta nyingine uone vipande vinasogea. Kwa mtu wa Pemba, flashi tupu ni nauli ya boti upya, Unguja kisha Dar.