Linki ya WhatsApp iliyogoma kufunguka Instagram: jinsi nilivyotatua

Kikundi cha akina mama wa Tanga wanaouza sabuni ya mwani kilipata wafuasi Instagram, ila oda haziji. Mteja akibonyeza linki, WhatsApp inamwambia namba hiyo haipo.

Kufuta programu na kuipakua upya hakukusaidia. Kubandika linki chini ya kila picha nako bure, kwani maelezo ya picha Instagram hayabonyezeki.

Kilichotibu ni kuondoa sifuri. Namba zetu za simu zina tarakimu 10 na huanza na 0, ila wa.me (anwani fupi ya WhatsApp inayomfungulia mteja mazungumzo nawe) haiitaki hiyo 0. Ifute, weka 255 (namba ya nchi ya Tanzania) mahali pake, zibaki tarakimu 12 zilizoshikana: wa.me/255… Usiweke alama ya kujumlisha, nafasi wala kistari. Watu wengi huongeza 255 wakaiacha 0 palepale, na hapo ndipo linki inapokufa.

Kisha nenda “hariri wasifu” Instagram, weka linki hiyo sehemu ya viungo. Ukiongeza mwishoni ?text=Naomba%20bei, mteja anakuta ujumbe umeshaandikwa; hiyo %20 ndiyo nafasi kati ya maneno.

Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine, tena ambaye hajahifadhi namba ya kikundi.