Saa Nane na Dakika Tano

"8:05 mchana." Ndivyo unavyoanza ukurasa wa kaunta buku yangu wa Ijumaa ile ya Septemba 2018, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Chini yake: "Swali la mchanga. Mara ya pili. Amekamatwa."

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, mchanga wa makorongo yetu ulipata bei. Malori yalishinda yakipishana barabarani, na kijiji kilitoza ushuru kwa kila tripu. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Kwetu yalikuwa hayajasomwa tangu Januari. Kiongozi wa wilaya alipokuja kufanya mkutano wa hadhara, kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza ushuru wa mchanga umeenda wapi. Akajibiwa kuwa hilo si la leo. Akasimama tena akauliza, safari hii kwa sauti ya juu.

"Afande, weka huyu ndani saa 48," kiongozi akaamuru.

Watu wengi pale, hata baadhi ya askari, walidhani saa 48 ni adhabu: unalala siku mbili, unatoka, yameisha. Sivyo ilivyoandikwa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa (kifungu cha 7) na mkuu wa wilaya (kifungu cha 15) uwezo wa kuamuru mtu akamatwe kwa hali mbili tu: ametenda kosa linaloweza kumfikisha mahakamani, au kuna sababu ya kuamini atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Saa 48 ni kikomo cha kumfikisha mbele ya hakimu, pamoja na sababu zilizoandikwa. Zikipita bila hakimu, anaachiwa, na hakamatwi tena kwa amri ya namna hiyo kwa sababu ileile. Kuuliza mapato na matumizi hakumo katika hali hizo mbili, hata ukiuliza kwa kelele.

Nilikuwa msaidizi wa kisheria, aina ile iliyotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kumtetea mtu. Hiyo ni kazi ya wakili. Kazi yake ni kueleza, kuelekeza, kuandika, na kusindikiza. Kwa hiyo niliandika: saa, namba ya gari, nani alitamka nini, na majina matatu ya watu waliokuwa karibu kiasi cha kusikia. Majina matatu yanatosha. Ukiandika thelathini, siku ya kuwahitaji hata mmoja humpati.

Kosa la kwanza lilitaka kutokea palepale chini ya mbuyu. Vijana kama arobaini walitaka kwenda kituoni wote. Mzee wetu mmoja akasimama njiani na fimbo yake, akazungumza nao Kigogo, kwa ukali. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Katika Kanuni ya Adhabu, watu kuanzia watatu tu wenye nia ya kutenda kosa wanaweza kuitwa mkusanyiko usio halali, na kundi lenye hasira mlangoni pa kituo lingeipa amri ile uhai ambao haikuwa nao. Kijana aliingia mle bila kosa. Sisi ndio tungemletea kosa. Tukaenda wawili: mama yake na mimi.

Kituoni tulifika kabla yake. Gari lililomchukua lilikuwa limeendelea na msafara kwenye vijiji vingine viwili, naye akiwa nyuma. Tulikaa kwenye benchi la nje hadi giza likaingia. Gari lilipofika, mama aliinuka akaanza kulia kwa sauti, nami nikamshika mkono, kwa sababu kilichofuata kilikuwa ndicho kitu muhimu kuliko vyote: kuandikwa.

Mtu akifikishwa kituoni huandikwa katika kitabu cha mahabusu: jina, kosa, saa, aliyemkamata, na mali aliyokuja nayo. Mkanda na kamba za viatu huvuliwa. Simu na fedha huhesabiwa mbele yake, na akubali hesabu hiyo kabla ya kusaini. Kijana alikuwa na simu moja na shilingi 7,500. Nilimwomba askari wa zamu anisomee saa aliyoandika.

"Shikamoo afande. Naomba kujua umeandika saa ngapi."

"Marahaba. Saa ishirini kamili."

Saa mbili usiku. Alikamatwa saa nane mchana. Mama hakuelewa kwa nini nimekunja uso, kwa sababu masikioni mwake ishirini ilikuwa namba ya polisi tu. Lakini karibu saa sita nzima zilikuwa zimeyeyuka. Kwa kitabu kile kikomo kingekuwa Jumapili saa mbili usiku, badala ya saa nane na dakika tano mchana. Muda wa mtu aliye chini ya ulinzi huanza pale anapozuiwa, hata kama yuko kwenye gari linalozurura. Kuandika saa ya kufika badala ya saa ya kukamatwa ni kosa la kawaida mno, na mara nyingi halitokani na ubaya: askari wa zamu anaandika alichokiona yeye. Nilimfungulia kaunta buku, nikamsomea mstari wangu na yale majina matatu. Hakufuta. Aliongeza pembeni, kwa kalamu nyekundu, "amekamatwa 14:05". Sikutegemea hata hilo.

Sehemu ya kosa ilibaki tupu.

Usiku huo walitaka kuchukua maelezo yake. Mtu ana haki ya kuambiwa jina na cheo cha anayemhoji na kosa analotuhumiwa, ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mahojiano ya kawaida yamewekewa saa nne tangu kukamatwa, na yakihitaji zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Kwa hesabu yangu, saa nne zilikwisha kuisha akiwa nyuma ya gari. Nilimweleza mama maneno mafupi ya kumfikishia mwanawe wakati wa kupeleka chakula: akiulizwa, aulize kwanza kosa ni lipi, akiandikiwa, asomewe yote, asisaini karatasi yenye nafasi tupu. Ugali na mlenda vilipita baada ya mama kuonja mbele ya askari, kama ilivyo ada.

Jumamosi ilikuwa siku ya kungoja na ya kuandika barua. Niliandika nakala tatu, kila moja ukurasa mmoja, kwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya: nani amekamatwa, lini, saa ngapi, wapi, kwa amri ya nani, na ombi la mambo mawili, ama afikishwe kwa hakimu kabla ya muda kwisha ama aachiwe. Barua ya namna hii haihitaji matusi wala historia ya kijiji. Nakala moja lazima irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saa. Bila muhuri hujapeleka kitu. Kituoni walikataa kugonga. Wakasema bosi hayupo. Nikasubiri hadi zamu ikabadilika, na askari wa kike aliyeingia akagonga bila neno.

Mtego mwingine ni siku yenyewe. Ukikamatwa Ijumaa mchana, saa 48 zinaangukia Jumapili, mahakama imefungwa. Hapo utasikia, "Subirini Jumatatu." Jumatatu haimo kwenye kile kifungu. Kama hakimu hapatikani ndani ya muda, kinachobaki ni kumwachia. Na kama wangeendelea kumshikilia, wakili angeweza kwenda Mahakama Kuu, hapohapo Dodoma mjini, kuomba amri ya mtu kuletwa mbele ya jaji, kwa kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Nilishampigia wakili mmoja wa kujitolea. Akataka kitu kimoja tu, picha ya ile barua yenye muhuri.

Jumapili saa sita mchana tulirudi. Askari alitoa fomu ya dhamana ya polisi, akasema mama asaini, kijana aripoti kila Jumatatu. Dhamana ya polisi ni bure, na bango la kusema hivyo lilikuwa limebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Ila shida haikuwa fedha. Dhamana hufungwa kwenye kosa, na pale pa kuandika kosa palikuwa peupe. Mama angesaini, mwanawe angekuwa anaripoti kwa kosa ambalo lingeweza kujazwa siku yoyote, na mtu yeyote.

"Afande, tujazie kosa, tutasaini sasa hivi."

Akaingia ndani na simu. Alikaa huko muda mrefu. Mama alikuwa akitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Aliporudi hakuwa na fomu tena. Kijana akatoka akishikilia suruali kwa mkono mmoja. Wakamrudishia mkanda, kamba za viatu, simu. Fedha ilikuwa 7,500, akaihesabu noti kwa noti, polepole, askari akimwangalia. Kisha akasukumiwa kitabu asaini.

"Andika kwanza saa," kijana akasema.

Askari akamwangalia, akaniangalia mimi, akachukua kalamu. 13:50.