Siku yangu na Kidato cha Pili: projekta, shuka jeupe na balbu mbili

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijabandika chai nakagua chaji ya kompyuta. Nafundisha Fizikia katika shule ya kutwa wilayani Korogwe, na leo nina vipindi viwili mfululizo, dakika 80, mada ni saketi za umeme. Najaribu faili langu bila intaneti: linafunguka. Ni simulesheni, yaani jaribio la kuigiza kwenye kompyuta, ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na wenzake. Simulesheni zake ni za bure, na ukishaipakua moja unatembea nayo kwenye flash, habari ya bando imekwisha. Kwa shule kama yetu hapo ndipo penye uamuzi wote.

Saa 1:15 asubuhi. Mstarini. Usafi, matangazo ya mwalimu wa zamu, madarasani.

Saa 2:00. Projekta ni moja kwa shule nzima, kwa hiyo tunaandikishana zamu ofisi ya taaluma. Monita na wenzake wanatundika shuka jeupe ukutani, wengine wanaziba kwa maboksi madirisha yanayopigwa na jua.

Picha inatokea: betri ya volti 9, balbu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia ileile, swichi iko wazi. Siigusi. Nauliza, "Nikifunga swichi, ipi itawaka zaidi?" Kila mtu anaandika jibu na sababu kwenye daftari, kisha anamgeukia jirani wabishane. Hapa sina haraka. Mwanafunzi aliyeshaandika jibu lake anakuwa na jambo la kutetea, na ataitazama skrini kwa jicho jingine kabisa.

Mikono mingi inaichagua balbu iliyo karibu na upande chanya. "Madam, umeme unafika pale kwanza, ile ya pili inapata masalia." Wazo hili walimu wa Fizikia wanakutana nalo kila pembe ya dunia: kwamba balbu inakula mkondo wa umeme.

Nafunga swichi. Balbu zote mbili zinawaka papo hapo, mwanga uleule, na vidoti vya bluu vinavyowakilisha elektroni vinaanza kutembea kwenye waya wote kwa pamoja. Darasa linalipuka kwa kelele. Namwita binti mmoja mbele apime mkondo kwa ammita: kabla ya balbu ya kwanza, katikati, baada ya balbu ya pili. Ampea 0.45. Tena 0.45. Tena 0.45. Mwenzake anakimbilia ubaoni bila kuitwa: 9 gawanya kwa 20, maana kila balbu ina ukinzani, yaani inavyouzuia mkondo, wa ohm 10. "Sasa nani kala umeme?" nauliza. Kimya kidogo, kisha sauti kutoka dawati la nyuma: "Hakuna, Madam. Chaji zinapita zote, zinachoacha kwenye balbu ni nishati."

Sentensi hiyo ningeweza kuiandika ubaoni tangu mwanzo, wakainakili vizuri, na bado wakaondoka na masalia yao kichwani.

Tunahamia sambamba, kila balbu na njia yake kutoka kwenye betri. Sasa wanaamuru wao: "Ng'oa moja!" Naing'oa, nyingine inaendelea kuwaka vilevile kwa ampea 0.9. Wanalihusisha wenyewe jambo hilo na taa za sebuleni na jikoni. Mwingine anataka tuunge waya mtupu kutoka chanya hadi hasi. Moto unawaka kwenye skrini. Hilo nisingethubutu mezani.

Saa 3:05. Umeme unakatika. Tunatoa betri kavu na balbu za tochi, kila kundi lifunge saketi yake. Kundi moja linalalamika: balbu zao hazilingani mwanga! Wanazichunguza na kukuta maandishi tofauti kwenye shingo. Hazina ukinzani sawa. Skrini imewapa kanuni, meza imewapa ulimwengu wenye vifaa visivyofanana, na vyote viwili wanavihitaji.

Saa 4:20. Chai. Mwalimu wa Jiografia ananiomba video ya volkano. Nampa ya dakika tatu, namwambia, "Dada, isimamishe kabla ya mlipuko, waulize kitakachofuata." Video ya nusu saa isiyosimamishwa hata mara moja, wanafunzi wanaipokea kama sinema: wanafurahi, kengele inagonga, basi.

Saa 8:10 mchana. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo natumia yangu. Kila kundi linarekodi maelezo ya dakika moja: kwa nini balbu za mfululizo zinafifia? Kiswahili kinaruhusiwa hapa, ingawa mtihani ni wa Kiingereza, kwa sababu kwanza nataka kujua wameelewa nini.

Saa 2:30 usiku. Nasikiliza rekodi. Nyingi ziko sawa. Kundi moja linasema mkondo "unagawanyika nusu kwa nusu" kwenye mfululizo. Wamechanganya na sambamba. Wamepata 0.45, ambayo kweli ni nusu ya 0.9, lakini sababu ni ukinzani kuongezeka maradufu. Naandaa slaidi ya kesho asubuhi: balbu tatu kwa mfululizo, ammita nne, namba zote nimezificha. Kundi hilo ndilo litakaloanza kutabiri.