Kusoma tarehe za Kiroma bila kupotea siku

Sisi wa Goma tunahesabu maisha kwa volkano: kabla ya 2002, baada ya 2021. Ndiyo maana barua ya Plinius Mdogo, mwandishi wa Kiroma, juu ya mlipuko wa Vesuvius, volkano ya Italia, mwaka 79, inatugusa sana. Lakini tarehe ya mlipuko iliyomo humo huwachanganya wengi wanaopenda riwaya za Roma, kwani Waroma walihesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka vituo vitatu: Kalendae (tarehe 1), Nonae (5) na Idus (13). Katika mwezi wa tatu, wa tano, wa saba na wa kumi, Nonae ni 7 na Idus ni 15.

Kosa huingia hapa: siku ya kuanzia na ya kufikia zote huhesabiwa. Tarehe ikiwa baada ya Idus, chukua idadi ya siku za mwezi, jumlisha 2, kisha toa tarehe. Volkano yetu ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002: 31 + 2 − 17 = 16, yaani siku ya 16 kabla ya Kalendae za Februari. Ndiyo, Februari! Jina linalotajwa ni la mwezi unaofuata.

Nakala inayofuatwa zaidi ya barua ya Plinius inasema siku ya 9 kabla ya Kalendae za Septemba, yaani Agosti 24. Ila mwaka 2018 yalipatikana Pompeii, mji uliofunikwa na mlipuko huo, maandishi ya makaa ukutani: siku ya 16 kabla ya Kalendae za Novemba, yaani Oktoba 17. Mwaka haukuandikwa, lakini makaa hufutika upesi, hivyo yaelekea yaliandikwa muda mfupi kabla ya mlipuko. Mimi nasimama na Oktoba.