Siku moja mezani pa mchoraji: mistari ya hauzingi ya beringi

Saa 2 asubuhi. Kazi ya leo ni karatasi moja ya A3: hauzingi, yaani kasha linaloshikilia beringi, ya beringi namba 6208 kwa mashine ya kusaga mahindi. Beringi hiyo ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje 80, upana 18. Naanza na leya, yaani tabaka za mchoro kwenye kompyuta, kila moja na unene wake wa mstari: milimita 0.5 kwa kingo zinazoonekana, 0.25 kwa mistari myembamba. Uwiano wa 2 kwa 1 ni wa ISO 128, kanuni za kimataifa za michoro ya kiufundi. Ukiweka 0.35 kwa 0.25, jicho la fundi halitofautishi.

Saa 3. Mistari ya senta, inayoonyesha katikati ya umbo, hutangulia, maana vipimo vinaanzia hapo. Kipande kirefu milimita 6, nafasi, nukta, nafasi, kipande tena. Miwili ikipishana katikati ya duara, lazima ipishane kwenye vipande. Pakiangukia nafasi, kitovu hakionekani.

Saa 5. Kingo nzito, kisha matundu 4 ya bolti za M12 (kipenyo milimita 12) yaliyofichika ubavuni: vipande vya milimita 3, nafasi 0.75, kona zimefungwa. Mistari ikilaliana, ukingo unaoonekana ndio unaobaki, uliofichika unafuata, senta mwisho.

Saa 7 mchana. Mkato A–A, yaani hauzingi ikionyeshwa kama imepasuliwa. Mistari ya mshazari ni myembamba, nyuzi 45. Ya hauzingi inalalia kulia, ya kifuniko kushoto. Shafti haipigwi mshazari hata mkato ukipita katikati yake kwa urefu. Wanafunzi wengi huipiga, ikaonekana imeungana na hauzingi.

Saa 9. Vipimo.

Saa 10 jioni. Kuchapa, na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. LTSCALE, kipimo cha AutoCAD kinachopanga urefu wa vipande vya mistari, ikiwa ndogo mno, vipande hubanana na kutoka kama mstari mzima: tundu la ndani linasomeka kama ngazi ya nje, na chuma kinakerezwa kisipopaswa. Kwa hiyo rula ya chuma inawekwa juu ya karatasi yenyewe. Kipande kisipofika milimita 3, narekebisha na kuchapa upya. Mchoro wa A1 utakaopunguzwa kuwa A3 uchorwe kwa 0.7 na 0.35 tangu mwanzo, 0.25 ikipunguzwa nusu inabaki 0.125, na fotokopi huimeza. Ya kwanza kupotea ni senta na iliyofichika.

Saa 11. Karatasi inakwenda karakana, imekunjwa mkunjo usipite juu ya kitovu cha tundu la 80.