Visa ya kwenda kwa mama

Weye ulie huku Bulaya, ukinunua tiketi kwenye intaneti ukafika kwenye kale kasanduku ka uraia, unajazaga nini?

Mi nilijaza Kongo. Sikufikiri hata sekunde, mtu nimezaliwa Katuba, shule nimesomea Kenya (zote ni komine, yaani manispaa, za Lubumbashi, si ile nchi, msinichanganye), bukari, ugali wetu, nakula mara nne kwa wiki hapa Liège, Ubelgiji, sasa ningejaza nini? Halafu kwenye namba ya paspoti nikaandika ya ile ya Ubelgiji, maana ya Kongo ilishakufa zamani, iko kwenye droo pamoja na picha za komunyo.

Na ilikuwa haraka pia. Papa mudogo, mdogo wake papa, amefariki, yule aliyetulea wakati papa hana kazi, kilio kinaendelea, maziko yamepangwa siku tatu mbele. Nimenunua usiku, kesho yake niko Zaventem, kiwanja cha ndege cha Brussels, na valizi mbili na koti nyeusi.

Dada wa kontuari anaangalia paspoti, anaangalia skrini, anageuza kurasa moja moja mpaka mwisho, anarudi mwanzo. Visa iko wapi? Nikacheka. Nikamwambia mi ni Mkongomani, nakwenda kwetu. Akauliza tena polepole kama vile anaongea na mtoto, una paspoti ya Kongo inayofanya kazi, au karatasi yoyote ya ambasade? Sina. Basi kwake yeye mi ni Mbelgiji anaetaka kuingia Kongo bila visa. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akafungua Timatic, ile programu ya IATA ambamo mashirika ya ndege yanasoma masharti ya kila nchi, akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. Wala hawakuwa na ubaya, maana wakikupakia bila karatasi halafu ukakataliwa kule, wao ndio wanaokurudisha na faini inaweza kuwapata juu. Valizi zikashuka kwenye mizani.

Kitu kilichoniuma ni kwamba sheria si mpya hata. Ile ya uraia ni ya tarehe 12 Novemba 2004, na katiba ya 2006 kifungu cha 10 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Ukichukua wa kigeni, wa Kongo unapotea hapo hapo, hakuna anayekuandikia barua kukujulisha. Ubelgiji haikunidai nirudishe kitu chochote, siku ile komine walinipa karti mpya tukanywa bia, mi nikajua nimeongeza kumbe nimebadilisha. Na tuache uongo, sisi watu wa Lubum hatuna sababu ya kutokujua. Agosti 2018 Katumbi, yule mwanasiasa wa upinzani wa kwetu, alizuiwa kuingia kwenye mpaka wa Kasumbalesa akitokea Zambia, na wakati ule mdomoni mwa kila mtu ni kwamba ana uraia wa Italia, uraia wa Italia. Mi nilikesha kwenye WhatsApp nikibishana kwamba Ukongomani ni damu si karatasi, na mfukoni nina paspoti ya Ubelgiji.

Kumwambia mama ndio ilikuwa kazi. Alinyamaza mpaka nikafikiri laini imekatika. "Weye mutoto ya Katuba, unalomba visa ya kuingia ku nyumba ya mama yako? Njo mambo gani hiyi?" Yeye ana karti yake ya kuchagua, kwetu njo kitambulisho, ameitoa akaisoma jina lote kwenye simu kama vile ingenisaidia.

Basi yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, akaacha kilio akakimbia kutafuta prizansharje, ile barua ya kusema huyu mtu atalala kwangu nitamlisha, ikapitishwa DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, kupigwa muhuri, ikatumwa, mi huku napeleka fomu, picha, karti ya njano ya chanjo, tiketi mpya. Fikiria hiyo: mtoto wa nyumba anaandikiwa barua kwamba atapewa chakula. Nilifika Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, siku ya tisa. Papa mudogo yuko kwenye udongo, viti vya kukodi vimerudishwa, mama amebakiza sahani moja ya bukari amefunika, imekauka juu.

Tangu hapo mtu akinipigia ananiambia nimeona tiketi rahisi, mi simuulizi bei. Namwambia fungua paspoti utakayosafiria, soma mstari wa uraia, sio moyo wako, mstari. Kisha angalia tarehe ya mwisho. Kuna wanaonijibu wanatembea na mbili, moja ya kutokea huku moja ya kuingilia kule. Hayo ni yao, mi simshauri mtu, yanakwenda mpaka siku yanakataa.

Desemba tukasafiri watatu. Safari hii nilipiga simu wiki sita mbele mpaka wakanichoka. Kontuari ileile, mi natoa visa yangu na ya mtoto, yeye amezaliwa Liège, sawa, mmepita. Mke wangu akatoa paspoti yake ya Kongo. Hakuulizwa hata kidogo ataingiaje Lubumbashi. Aliulizwa atarudi huku na nini! Akatafuta karti yake ya ukazi wa Ubelgiji, ile F ya watu wa familia, kwenye begi yote, mstari nyuma yetu unaguna, ikaonekana ndani ya paketi ya mtoto ya biskuti.

Tukasogea. Akaniambia, "Weye banakuuliza utaingia namna gani kwetu, miye banauliza nitarudia namna gani kwako."

Mtoto akauliza na yeye je. Nikamwambia shika begi yako, ndege inaitwa.